Historia yetu ya kukimbia na kurudi: Fizi, toka 1964 mpaka leo



Kwenye mukutano mukubwa uliopita kijana moja alisimama, akauliza swali ambalo lilinyamazisha chumba chote. Alisema: "Chama chetu kinaitwa cha warapatriye. Lakini kwenye daftari tunaona majina ya wamama ambao hawakuvukaka ziwa hata siku moja. Na sasa munataka kuleta badeplase ya juzi. Ile sanduku nyekundu ni ya nani?" Wengine walipiga makofi. Wengine walikasirika, na mama moja alitoka inje. Mwenyekiti alisema jibu litatoka kwenye gazeti letu, na ndivyo komite ilitupa sisi kazi hii.

Kwa marafiki wa mbali wasiojua: tunafanya kazi kwa mufano wa MUSO, mutuelle ya musaada kama zile nyingi za Kivu. Kila juma kila mutu anaweka fungu lake. Sanduku ya kijani ni ya mikopo, inarudishwa na faida kidogo. Sanduku nyekundu ni ya shida: ugonjwa, kilio, nyumba kuungua, kukimbia. Pesa ya nyekundu hairudishwi. Ndiyo maana watu wanaigombania.

Tulifikiri jibu litakuwa fupi. Tulipoanza kuuliza wazee tukaona haliwezekani kuwa fupi, juu ile kuvuka ziwa haikuanza na sisi.

Vijana wengi wanafikiri kukimbia kulianza 1996. Koko zetu wanacheka wakisikia hivyo. Mwezi wa tano 1964 waasi wa Simba walichukua Uvira, na nyuma kidogo Fizi na Baraka zilikuwa mikononi mwao. Mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wake, akashuka Kibamba, pale kwenye mwambao wetu. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya ile miezi yake saba. Juu ya wanakijiji waliokuwa wanapiga kasia kwenda upande mwingine, kwenye ziwa lilelile, vitabu ni vichache sana. Mwisho wa 1965 jeshi la serikali pamoja na mamluki wazungu wakairudisha Baraka. Watu wakapanda milima, wakaingia pori, ao wakavuka.

Waliovuka wakati ule walikuta Tanzania ya Nyerere. Na Kigoma walikuta ndugu, sababu Babembe wavuvi na wachuuzi walikuwa upande ule tangu zamani. Wengi waliingia tu vijijini, wakapata shamba, wakazaa. Wengine serikali iliwapeleka Pangale, upande wa Tabora, wakapewa ardhi ya kulima.  Ndiyo sababu leo mutu wa Mboko ao wa Kazimia akishuka Kibirizi anaweza kukuta shangazi ambaye hajamuona tangu azaliwe, na shangazi anamupikia ugali bila kuuliza mengi.

Lakini kumbukeni na wale waliobaki. Katika milima ya Hewa Bora watu waliishi miaka mingi chini ya maki ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeanzisha chama chake cha PRP mwaka 1967. Serikali ya Mobutu iliwahesabu kuwa waasi. Tanzania haikuwahesabu kuwa wakimbizi, juu hawakuvuka. Walikimbia askari mara ngapi, walichomewa nyumba mara ngapi, hakuna ofisi iliyoandika. Hapo ndipo tunaona kwa mara ya kwanza kitu ambacho kitarudi mara nyingi katika historia hii: watu wa kijiji kimoja, usiku mumoja, hofu moja, lakini moja anapata jina na mwingine hapati.

Na sisi wenyewe tulipokea watu. Mwaka 1972, wakati wa mauaji ya Burundi, Warundi walivuka Rusizi na ziwa, wakakaa Uvira na kushuka mpaka Fizi. Walikuja tena mwisho wa 1993, nyuma ya kifo cha Rais Ndadaye. Mwaka 1994 wakaja Wanyarwanda, na bonde la Rusizi likajaa mashitingi. Mama zetu waliuza mihogo na samaki katika zile kambi. Wengi wetu tulikuwa watoto, tukawatazama wale watu wanaopanga mustari juu ya maji na tukawahurumia, lakini kwa mbali, kama mutu anayehurumia ugonjwa ambao hauwezi kumushika.

Halafu ukatushika.

Mwaka 1996 tunauandika kwa uangalifu, sababu kila jamaa ina namna yake ya kuuanza. Mwezi wa tisa mwaka ule majirani wetu Banyamulenge waliuawa Baraka na Lueba, raia, na wauaji walikuwa askari wa Zaire pamoja na watu wenye silaha wa kwetu. Mwezi uliofuata raia wa kwetu waliuawa Abala. Kuna wanachama walituomba tuandike moja tu kati ya hayo mawili. Tumekataa. Chama kina watu waliopoteza ndugu upande huu, na tunafanya biashara na watu waliopoteza ndugu upande ule.

Mwisho wa Oktoba 1996 Uvira ilianguka mikononi mwa AFDL na jeshi la Rwanda. Askari wa Mobutu walikimbia kushuka kusini, wakipora njiani: mbuzi, redio, baiskeli, godoro, mpaka sufuria iliyo kwenye moto. Watu wa mwambao waliwakimbia kwanza hao, kabla ya kumuona muasi hata moja. Hiyo wengi wanasahau. Muzee moja wa chama alituambia: "Sikukimbia vita. Nilikimbia jeshi letu. Vita nilisikia tu masasi yake kwa mbali, nikiwa tayari ndani ya mutumbwi."

Mitumbwi ya dagaa, ile yenye taa, ndiyo ilibeba watu. Mwenye mashua aliomba pesa, na pesa ya Zaire ilikuwa imeshakuwa karatasi, basi watu walilipa kwa cherehani, kwa kitenge ambacho hakijashonwa, kwa mabati ya nyumba yao wenyewe. Ilikuwa mwanzo wa mvua, na kila mutu wa mwambao anajua ziwa la Novemba. Mashua zilipakizwa kupita kiasi. Kuna familia ambazo zilipanda mashua mbili, baba na wavulana moja, mama na wasichana nyingine, na ni moja tu iliyofika. Katika chama chetu zipo. Hatutaandika majina yao.

Upande wa pili serikali ya Tanzania na HCR walifungua Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, mwezi wa Novemba 1996. Ni kama kilomita 150 toka ziwani. Kwa watu wa samaki, hiyo ilikuwa adhabu ya kwanza: kuamuka asubuhi na kutoona maji. Lugufu ilifuata mwaka 1997, upande wa Uvinza. Walitupa shitingi, sufuria, blanketi, na karte ya rasyo. Ile karte tutairudilia.

Mwezi wa tano 1997 Mobutu alianguka. Tulicheza ngoma kambini. Muzee Kabila, yule wa Hewa Bora, sasa ni rais wa Kinshasa! Nani atabaki ugenini? HCR ilipanga meli, na kati yake ilikuwa Liemba, ile meli ya Wajerumani wa zamani, iliyozamishwa na wenyewe katika vita ya 1916 kisha Waingereza wakaiinua kutoka chini ya ziwa. Mwaka ule ilipiga safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walirudi. Tulirudi na mbegu za mahindi, na watoto waliozaliwa ng'ambo, tukapanda, tukaanza kufyatua matofali.

Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita ya pili ikaanza. Mahindi ya musimu ya pili hatukuyavuna.

Tunaomba munaosoma kutoka mbali musimame kidogo hapa. Mara nyingi tumeulizwa na wageni: kwa nini watu wenu walikawia kurudi nyuma ya 2003, wakati amani ilikuwa imetiwa sahihi? Jibu liko katika miezi ile kumi na tano, toka Mei 1997 mpaka Agosti 1998. Tulirudi mara moja kwa furaha na tukakutwa na vita nyumbani. Mutu aliyeungua na uji anapuliza hata maji.

Na mara hii ilikuwa mbaya zaidi. Kutoka tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za Januari 1999, watu waliuawa Makobola na vijiji vya karibu: Bangwe, Katuta, Mikunga, Kashekezi. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka mwaka 2010, imeandika zaidi ya watu 800, na wauaji inawataja kuwa askari wa RCD pamoja na wa Rwanda na Burundi. Mpaka leo hakuna tribunali iliyowahukumu. Kila Bonane, wakati muji mingine inapiga muziki, kuna nyumba za mwambao ambazo zinafunga mulango mapema.

Waliotoka Makobola na Swima na Mboko waligawanyika. Wenye pesa ao wenye ndugu mwenye mashua walivuka. Wasio na kitu walipanda mulima ao wakaingia pori la ndani, wengine wakashuka mpaka Ubwari. Miaka mitano hivi walikuwa wanalala chini, wanalima shamba dogo, wanasikia masasi, wanaacha shamba, wanaanza pengine. Kati ya RCD na Mai-Mai hakuna aliyewaachia mavuno. Chumvi ilikuwa dawa ya kutafuta. Watoto walikufa na surua na kuhara katika vijiji visivyo na jina. Mama moja ambaye jina lake liko kwenye daftari letu, moja wa wale kijana aliyemuuliza, alituambia: "Ninyi mulikuwaka na karte. Sisi tulikuwaka na miguu."

Sasa karte. Kambini karte ya rasyo ndiyo ilikuwa mutu. Jina lako, jina la bwana ao bibi, idadi ya watoto, na kila siku ya kugawa walitoboa ao walipiga alama. Unga wa mahindi, maharagi ao dengu, mafuta kidogo, chumvi, na unga wa uji kwa watoto. Kuna miaka rasyo ilipunguzwa, karibu na 2003 hivi, sababu wafadhili walichoka na sisi ao walikuwa na vita ingine ya kulipia. Tuliuza mafuta ili tununue samaki mukavu, na tuliuza unga ili tununue sabuni. Mutu anayesema wakimbizi walikuwa wanauza rasyo juu walikuwa na nyingi, huyo hajawahi kula mahindi bila mboga wiki tatu.

Tanzania haikuwa tena ile ya Pangale. Sheria yake ya wakimbizi ya 1998 ilikuwa ya kukaza. Hukuruhusiwa kutoka kilomita nne kupita mupaka wa kambi bila karatasi ya ruhusa. Aliyekwenda kutafuta kibarua katika shamba la Muha wa jirani, na tulikwenda wengi, alijua akikamatwa ni polisi, ni faini ao jela. Lakini tusiwe watu wa kusahau: wakulima wa Kasulu walitupa kazi, walitununulia nguo tulizoshona, walizika pamoja nasi. Nchi maskini ilikubali watu kama 150,000 wa Kongo katika kambi hizo mbili, juu ya mamia ya maelfu ya Warundi waliokuwa nao tayari. Sisi tuliporudi, tulipoona namna wengine wa kwetu wanavyowatendea Warundi wa Lusenda, tulikumbuka.

Kitu kimoja cha kambi tunachojivunia ni masomo. Walimu wakimbizi walishika programu ya Kongo, kwa Kifaransa, chini ya shitingi kwanza halafu katika vyumba vya matofali. Waliolipa deni lile ni walimu wenyewe, sababu walichopewa kwa mwezi kilikuwa cha kununulia sukari tu. Walisema: tukifundisha programu ya Tanzania, watoto hawatakuwa na njia ya kurudi. Walikuwa na haki. Hata hivyo watoto walirudi na Kiswahili cha Kigoma, wanasema "samahani" na "shikamoo", na huku Baraka wenzao wakawacheka, wakawaita Batanzania. Na wao wakacheka Kiswahili chetu. Leo wameoana.

Mikataba ya 2002 na 2003 ilileta serikali ya mupito Kinshasa. Mwaka 2005 Kongo, Tanzania na HCR walipatana juu ya kurudi kwa hiari, na Oktoba 2005 meli ya kwanza ikatoka Kigoma kuelekea Baraka. Wengi wetu tulirudi na MV Mwongozo. Mulioko mbali, jaribuni kuona: watu wamesimama kwenye ukingo wa meli tangu alfajiri, wanatafuta milima. Muzee moja anahesabu vilele kwa kidole. Halafu unaanza kuona mitende, mabati yanayongaa, watu wadogo pwani, na hakuna anayeongea tena. Baraka ilikuwa imeota majani mpaka katikati ya barabara.

Walitupa paketi ya kurudi: chakula cha miezi mitatu, shitingi, sufuria, chandarua, bido, jembe na mbegu. Tulishukuru, na tunashukuru bado. Lakini pale ndipo jeraha lilipoanza, na ni lazima tuseme ukweli wake. Camion ilisimama kijijini, ikashusha vitu kwa warapatriye, na jirani waliotoka porini, ambao nyumba yao iliungua siku moja na yetu, walisimama kando wakitazama. Hawakuwa na karte. Kwa karatasi za wakubwa wao waliitwa "deplase wa ndani" ao "waliobaki", na walikuwa na programu yao kwenye ofisi ingine, programu ambayo katika vijiji vingi haikufika. Usiku ule, katika vijiji kadhaa, shitingi ziliibwa. Tulisema ni wezi. Leo tunajua nani alizichukua, na hatusemi tena ni wezi.

Jeraha la pili lilikuwa ardhi. Sheria ya 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na mutu anapata tu haki ya kuutumia. Juu ya mashamba ya mila, yale ya kijiji, sheria ileile iliahidi kwamba rais atatoa amri ya kuyapanga. Ile amri haikutoka, si chini ya Mobutu wala baadaye. Basi shamba la baba yako unalishika kwa neno la shefu wa kijiji, na kwa migomba iliyopandwa na koko, na kwa ushahidi wa majirani. Sasa wewe umekuwa ng'ambo miaka tisa. Migomba imeliwa na pori. Shefu amekufa, na aliye pahali pake amegawa lile shamba kwa mutu aliyeshuka kutoka mulimani akiwa na njaa. Na majirani mashahidi ndio hao ambao hawakupata shitingi.

Parsele za muji zilikuwa hivyohivyo. Kulikuwa na parsele iliyouzwa mara tatu. Mutu aliyekaa ndani anasema: nilikuta kichaka, nilifyeka, nilichimba choo, nilizika mutoto hapa. Mwenye zamani anasema: nilizaliwa hapa. Wote wawili wanasema kweli. Wengine walikwenda tribunali na wakamaliza mbuzi zote kwa gharama. Ofisi moja ilituandikia karatasi yenye muhuri na kupokea pesa, kisha ikamuandikia na mwingine karatasi kama ileile juu ya parsele ileile. Wengine walichukua panga.

Hapo ndipo chama kilizaliwa, na hii ndiyo sehemu ambayo kijana wetu hakuijua. Hatukukianzisha sisi warapatriye peke yetu. Katika kijiji kimoja cha mwambao, mama aliyebaki alikuja kwa jirani yake aliyerudi na meli. Alikuwa amelima shamba la huyo jirani miaka yote. Akamwambia: "Shamba lako niko nalo. Ningeliacha, wangeligawa. Mupaka wako ni ule muti wa mwembe, na ule mwingine niliupanda mimi juu mwembe wa zamani ulianguka." Alimurudishia nusu siku ileile, na nusu nyingine nyuma ya mavuno. Jirani naye akakata shitingi yake katikati. Wale wawili ndio waliweka pesa ya kwanza katika kopo la maziwa. Sanduku ilikuja baadaye, na rangi nyekundu baadaye zaidi. Jina "warapatriye" tulilichukua sababu bila lile jina hakuna murango wa ofisi uliofunguka. Lilikuwa jina la kuombea, halikuwa jina la kutengea.

Ni kweli, miaka ya nyuma sisi wenyewe tulilisahau. Kuna wakati komite ilidai karte ya Nyarugusu ao Lugufu kwa kila mwanachama mupya. Mama aliyebaki alikataliwa mukopo wa kuchoma samaki juu hakuwa na karte, na aliyemukataa alikuwa anakaa katika shamba ambalo huyo mama alimulindia. Tunaandika hili kwa haya. Ile kanuni ilifutwa, lakini haikuandikwa popote kwa nini ilifutwa, na ndiyo maana inauliziwa tena leo.

Karatasi zilitutesa kwa njia ingine pia. Uandikishaji wa uchaguzi ulifanyika 2005, na karte ya muchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mukongomani tangu hapo. Waliorudi nyuma ya uandikishaji walikuwa katika nchi yao bila karte, na wengi walingoja mpaka 2011. Kwenye barriere askari alimuuliza mutu kitambulisho, akatoa karte ya rasyo ya kambi. Watoto waliozaliwa kambini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha Kongo, na muda wa kuwaandikisha ukiisha sheria inataka hukumu ya tribunali isimame pahali pa cheti. Hukumu inalipwa. Sanduku nyekundu imelipia hukumu hizo nyingi, za watoto wa warapatriye na za watoto wa porini, maana aliyezaliwa porini naye hakuna aliyemuandika.

Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa. Waliokataa kurudi walihamishiwa Nyarugusu. Kuanzia 2015 wengi wa Nyarugusu walipelekwa Marekani, na ndio baadhi yenu munaosoma hapa, munaotuma kitu kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni mwa 2025 ile njia ya Marekani ilisimamishwa, na tuna familia ambazo zilikuwa zimeuza kitanda zikingoja ndege. Nyarugusu yenyewe bado iko, na kuna watu ndani yake waliozaliwa pale na wamezaa pale.

Na upande wetu? Mwaka 2015 Warundi walivuka tena, na Lusenda ikafunguliwa katika Fizi yetu, kisha Mulongwe karibu na Baraka. Tangu 2017, na zaidi tangu 2019, milima ya juu imeungua, kijiji cha Banyamulenge na kijiji cha Babembe na cha Bafuliru na cha Banyindu, na watu wakashuka ao wakajikusanya kama wale wa Mikenge. Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Watu wa bonde walivuka Rusizi kwa miguu na kwa mitumbwi, wakalala katika uwanja wa mupira wa Rugombo, Burundi. Desemba 2025 ikawa zamu ya Uvira. Wengine walivuka, wengine walishuka barabara ileile ambayo askari wa Mobutu walishuka 1996, na wakafika milangoni mwetu.

Hao ndio "badeplase ya juzi". Walipofika, wanachama wengine waliwafungulia chumba kabla komite haijakutana. Mwenyekiti alipouliza kwa idhini ya nani, mama yule wa miguu alimujibu kwamba idhini itafuata, watoto wameshalala.

Basi kwa swali la kijana, komite imetuagiza tuandike hivi. Mwanachama wa sanduku nyekundu ni kila anayeweka fungu lake, aliyevuka na asiyevuka. Kwa badeplase wasio na fungu bado, pendekezo la komite ni kutoa sehemu ya nyekundu kwa miezi mitatu, chakula na dawa tu, na lile pendekezo litapigiwa kura kwenye mukutano ujao. Ni haki ya kila mutu kulikataa. Waliolikataa tayari wametupa sababu ya nguvu: sanduku si kubwa, na kama vita itashuka mpaka Baraka, ni sisi tutakaohitaji pesa ya mashua. Hatuna jibu la kuifuta sababu hiyo. Tunawaomba tu waje wapige kura wakiwa wamesoma.

Neno la mwisho ni la kazi. Tunakusanya karatasi za zamani: karte za rasyo, jeton, fomu za meli, picha, bulletin za masomo ya kambi. Mchwa na mvua vimeshakula nyingi. Leteni kwa sekretari, atazipiga picha na kuwarudishia siku ileile. Na wale ambao hawana karatasi, waliokuwa porini, waje Alhamisi nyuma ya soko. Tumetenga daftari jipya kwa ajili yao, tutaandika wanavyosema: kijiji walichotoka, kijiji walichokimbilia, na mwaka, kama wanaukumbuka. Majina ya waliovuka 1964 tunayo machache sana. Koko zetu wanaotembea kwa shida, sisi tutawafuata nyumbani.